Kinachoingia Langoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya katika Shamba la Kijamii

Kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Kuresoi, mashamba ya kijamii yamechipuka kila mahali: ya shule, ya kanisa, ya vikundi vya vijana, ya akina mama wa mtaa. Karibu yote hujitangaza kuwa hayatumii kemikali. Vizuri. Lakini mengi niliyoyaona yakifa hayakuuawa na viwavi wala kiangazi. Yaliuawa na kitu kilichoingizwa langoni na mtu mwenye nia njema: gunia la samadi, tangi la maji, kikapu cha mbegu, chupa ya dawa ya kienyeji. Sumu ya dukani huja na lebo yenye fuvu la kichwa. Vya asili huja bila lebo, na watu hudhani kukosa lebo ndiyo usalama.

Nimechoka kuona hayo. Yafuatayo hayana "ikiwezekana" ndani yake.

SAMADI NA MBOJI

Fanya

Uliza samadi imetoka wapi kabla haijashushwa. Mifugo ilitibiwa kwa dawa gani, lundo lilikaa wapi, nani alilichanganya na nini. Asiyejua jibu ageuze pikapu arudi nayo. Samadi yenye betri, vioo na sindano ndani yake si ya bure: bei yake italipwa na mtoto atakayepalilia pekupeku.

Jenga lundo kubwa la kutosha kupata joto. Mita moja na nusu kwenda juu, na upana vivyo hivyo. Panga tabaka: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, kisha rudia. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku nne hivi kichomoe ukishike. Kikikuunguza kiganja, lundo linafanya kazi. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka baridi, chenye utelezi na harufu ya yai viza, maji yamezidi na lundo halipumui. Lipindue na uongeze vitu vikavu. Joto la nyuzi 55 hadi 65 likidumu siku kadhaa ndilo linaloua vijidudu vya kinyesi na mbegu nyingi za magugu. Kisha geuza, cha nje kiingie ndani. Usipogeuza, umeivisha katikati na kuacha kingo mbichi, na kingo ndizo mtakazozoa kwanza mkianza kupanda.

Usifanye

Usitie samadi mbichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Dania, karoti, letasi. Kuhara na minyoo havijali kwamba shamba lenu ni la asili. Kinyesi kibichi cha kuku huunguza mizizi pia, kwa hiyo unapata hasara mbili kwa toroli moja.

Usipokee taka za mashamba ya maua. Ukanda wa Naivasha una maua mengi ya kuuza nje, na lori la mashina ya waridi huonekana kama baraka. Waridi la kuuza nje hupuliziwa dawa mara nyingi kwa sababu mnunuzi hataki hata doa moja. Dawa hizo hazikukusudiwa kitu kinacholiwa. Nyinyi mnataka kuzitia kwenye mboji ya sukuma wiki.

Usiguse maranda wala vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Kuanzia Njoro kupanda hadi Elburgon na Molo ni nchi ya mbao, na maranda ni rahisi kupata. Maranda ya mti mkavu wa kawaida hayana neno. Yale yenye rangi ya kijani kibichi yana shaba, kromu na arseniki. Usiyatandaze, usiyachome, na usitumie majivu yake; arseniki haiungui ikaisha.

Usitwange mifupa usiyojua ilikotoka, wala usizike mzoga shambani. Hapa nitakaa kidogo. Mifupa ni chakula kizuri cha miti ya matunda, ndiyo maana watu huisaka machinjioni. Lakini Nakuru ni nchi ya kimeta. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, na mwaka 2019 ukarudi. Kijidudu chake hujifunga ganda na kukaa udongoni kwa miongo ya miaka. Hakihitaji kingine ila mkwaruzo mkononi mwa anayetwanga, au vumbi puani mwake. Ng'ombe wa jirani akifa ghafla, damu ikatoka puani na isigande, msimchune, msimgawane, na msimlete shambani kwa hoja kwamba ni mbolea. Mwite daktari wa mifugo. Unga wa mifupa ukiutaka, nunua uliopikwa kiwandani. Ukikosa, acha, miti itaishi.

Usimwage majivu kila mahali kwa kuwa bibi yako alifanya hivyo. Udongo wa Kuresoi na Molo mara nyingi una asidi, na miaka mingi ya mbolea ya DAP imeongeza shida. Huko majivu husaidia. Udongo wa nyanda za chini, kuelekea Ziwa Nakuru, tayari una magadi; huko majivu huongeza ugonjwa. Pima kwanza.

MAJI

Fanya

Pima maji ya kisima kabla ya kununua mipira ya kumwagilia. Visima virefu vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano, na maji ya vingi yana floridi na sodiamu nyingi. Floridi mnaijua kwa meno ya kahawia ya watoto wetu. Sodiamu hujificha. Mwagilia maji hayo misimu kadhaa mfululizo, uone: udongo unafunga, uso wake unatoa utando mweupe, maji yanatuama badala ya kuzama. Mparachichi ndio wa kwanza kulalamika. Ncha na kingo za majani huwa kahawia na kukauka, wakati katikati ya jani bado ni kijani. Watu huona hivyo wakasema ni kiu, wakaongeza maji yale yale. Peleka chupa ya maji maabara uulize kuhusu sodiamu, chumvi na floridi. Ni nafuu kuliko kung'oa miti.

Vuna maji ya paa. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hutoa kama lita 1,000. Tangi lifunikwe na kifuniko kifungwe.

Usifanye

Usichepushe mfereji wa majitaka uingie kwenye mboga. Najua sukuma wiki hunenepa. Minyoo na kipindupindu navyo hunenepa.

Usichimbe bwawa la tuta mteremkoni bila mhandisi na kibali. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Mtasema lenu ni dogo. Dogo lisilo na ua linatosha kumzamisha mtoto mmoja, na mtoto mmoja ni wengi mno. Tena ardhi ya Nakuru ina mipasuko ya chini kwa chini. Maji yakituama juu ya ufa uliofunikwa na majivu ya volkano, ardhi hufunguka. Waulizeni wazee wa mtaa ufa ulipita wapi mara ya mwisho. Wanajua.

DAWA ZA ASILI

Fanya

Mtambue mdudu kabla ya kumpulizia. Geuza jani la kabichi lenye vidukari utazame kwa makini. Kile kidudu cheusi chenye mabaka ya rangi ya machungwa, kinachotambaa katikati yao, ni mtoto wa yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Anakula vidukari kutwa nzima. Wanaojitolea Jumamosi humponda kwa bidii, kisha wiki inayofuata wanauliza mbona vidukari vimeongezeka.

Pulizia pareto jioni, na palipo na mdudu tu. Nakuru ni mji wa pareto: bodi ya zao hilo iliweka makao yake hapa, na kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza dunia kwa kulizalisha. Ndiyo maana kila mzee ana mapishi yake. Pareto inaruhusiwa katika kilimo hai, lakini ni sumu. Haichagui kati ya kidukari na nyuki, na ikiingia kidimbwini huua samaki. Jua nalo huivunja upesi. Kwa hiyo anayepulizia saa sita mchana ameua nyuki walioko mauani, na dawa imeisha nguvu kabla viwavi vya usiku havijatoka. Ngoja jua lizame na nyuki warudi mzingani. Ile ya dukani, soma kilichoongezwa: nyingi hutiwa piperonili butoksaidi ili iwe kali, na viwango vingi vya kilimo hai haviikubali.

Usifanye

Usichemshe tumbaku. Hii ndiyo "dawa ya asili" inayonikera kuliko zote. Nikotini hupenya ngozi. Mtu anabeba pampu inayovuja mgongoni, shati linalowa, na baada ya muda anatapika na kichwa kinamzunguka. Wenzake wanasema ni jua. Juu ya hayo, tumbaku hubeba kirusi cha mozaiki kinachoshambulia nyanya na pilipili. Umejitia sumu ili uyaambukize mazao yako ugonjwa.

Usiweke dawa yoyote kwenye chupa ya soda. Hata ya pilipili na kitunguu saumu. Sielezi sababu.

Usimtegee nungu wala tumbili chambo chenye sumu. Furadan, sumu ya wadudu, iliondolewa kwenye soko la Kenya mwaka 2009 baada ya kutumiwa kuua simba na ndege wala mizoga. Mbwa wa jirani hatofautishi chambo cha nungu na chakula chake. Jenga ua, panda kayaba, upogoe, uwe na subira.

Usipulizie dawa ya magugu "kwenye njia tu". Mvua ya Aprili haiheshimu mpaka wa njia. Na kuna jambo lingine. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, na vikundi vidogo vinaweza kuipata kwa wanachama kukaguana wenyewe badala ya kulipia mkaguzi kutoka mbali. Mfumo huo unasimama juu ya kuaminiana. Mmoja akinyunyiza usiku, cheti cha kikundi kizima ni karatasi ya kufungia karanga.

MBEGU NA MICHE

Fanya

Pima viazi na nyanya zinazonyauka kwa glasi ya maji. Mmea ukilegea mchana ilhali udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie wima ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea na udongo unaouzunguka, utoe shambani, usiupeleke kwenye mboji. Osha jembe na gambuti hapo hapo, kabla ya kuingia tuta jingine.

Zungusha mazao kwa ukoo. Mkishaona mnyauko, tuta hilo likae miaka mitatu au zaidi bila viazi, nyanya, pilipili, biringanya wala managu. Ndiyo, managu. Nimewaona watu wenye akili zao wakitoa viazi vilivyonyauka, wakapanda managu wakidhani wamebadilisha zao. Ni ukoo ule ule, na bakteria wanaendelea kula. Pandeni mahindi, kabichi, vitunguu, terere.

Funga maua ya malenge kama mnataka mbegu ya kweli. Malenge ya Lare, yale ya Njoro ambayo shirika la Slow Food limeyaweka miongoni mwa vyakula vya kulindwa, hayatabaki ya Lare mkiyaacha yachanganyike na kila lenge la jirani. Jioni, tafuta ua dume na ua jike yanayokaribia kufunguka, uyafunge midomo kwa uzi. Asubuhi yafungue, pakaza chavua, funga tena lile jike, tia alama kwenye kikonyo. Dakika chache. Hakuna kisingizio.

Usifanye

Usipokee mbegu ya viazi kwa sababu tu imetolewa kwa upendo. Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos iliamua kwamba vifungu vya sheria vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao ni kinyume cha Katiba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Watu kama wa Seed Savers Network pale Gilgil wamekuwa wakilifanyia kazi jambo hili tangu 2009. Lakini jaji hatibu viazi. Uhuru wa kubadilishana mbegu ni uhuru wa kubadilishana magonjwa vilevile. Mahindi, maharagwe, malenge: badilishaneni, mkichagua mbegu kutoka mimea yenye afya. Viazi na miche ya nyanya: jua shamba vilikotoka, nenda ukalione, au nunua vilivyothibitishwa.

MITI YA MATUNDA

Fanya

Panda mti unaopenda mahali ulipo. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari. Molo ni juu zaidi, na baridi yake ni nyingine. Plamu na pichi hutaka baridi ili zichanue vizuri, kwa hiyo mche uliozaa Molo unaweza kukaa Lanet, kando ya Nakuru mjini, ukiota majani tu. Parachichi nayo ikipigwa na sakitu ya Molo ikiwa changa, imekwisha.

Kiungo cha mche uliopandikizwa kibaki juu ya ardhi. Kikizikwa, huoza, au sehemu ya juu hutoa mizizi yake na faida yote ya shina la chini inapotea. Matandazo yakae mbali na shina kwa upana wa mikono miwili; wanaoyarundika shinani wanawajengea panya nyumba.

Okota matunda yaliyoanguka, yote, kila siku ya zamu. Kila pera au embe lenye funza ni kizazi kipya cha inzi wa matunda. Yafunge kwenye mfuko mweusi usiopitisha hewa, uuache juani siku kadhaa, au yafukie nusu mita kwenda chini. Kuyatupa juu juu kwenye mboji ni kuwatandikia kitanda.

Usifanye

Usipande miti kwa ajili ya picha. Mfadhili anakuja na fulana, miche mia inaingia ardhini asubuhi moja, na ifikapo Januari hakuna hata mmoja wenye jani. Panda idadi ambayo watu wa zamu wataweza kuimwagilia Januari na Februari, wakati mvua haipo na wanafunzi hawana habari. Mfadhili akitaka picha, apigwe picha kando ya tangi.

Usimpandishe mtoto mtini wala kwenye ngazi. Matawi ya mparachichi hukatika bila kutoa onyo. Nunueni ufito mrefu wenye kikapu cha kuchumia.

WATU

Fanya

Andika zamu ya maji kwa majina, na naibu wa kila jina. "Sote tutamwagilia" maana yake hakuna atakayemwagilia.

Kila anayeshika samadi awe amechanjwa pepopunda, avae gambuti na glavu, na anawe kabla ya kula. Sanduku la huduma ya kwanza likae mahali penye ufunguo unaojulikana na watu watatu, si kwenye gari la mwenyekiti.

Gawa mavuno siku yanapovunwa, mbele ya watu, na uandike. Vikundi havivunjiki kwa ukungu wa nyanya. Huvunjika kwa gunia moja la viazi lililobebwa jioni na mtu aliyesema alikuwa analihifadhi.

Usifanye

Usipande hata mti mmoja kwenye ardhi isiyo na maandishi. Mboga ni za miezi miwili. Mparachichi ni wa miaka mingi. Nimeona kikundi kilichopewa kiwanja kwa maneno matupu, kikakitoa mawe, kikakitia mboji misimu kadhaa, na siku miti ilipoanza kuzaa mwenye kiwanja akakumbuka kwamba ana mwanawe anayetaka kujenga. Hakuvunja sheria yoyote. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha mwandikishiane: ardhi ni ya nani, mnaitumia miaka mingapi, miti ni ya nani mkiondoka, na notisi ni ya muda gani. Mwenye ardhi atie sahihi, chifu awepo, na nakala zisikae nyumba moja. Akikataa kutia sahihi, limeni terere na managu, na miche ya matunda mkaipande kwingine.